Nani anaamua feni iwake? Vifaa vya nyumba janja kwenye shamba dogo

Vifaa vya nyumba janja vilibuniwa kwa ajili ya mtu aliyekaa sebuleni. Taa ikigoma kuwaka kwa simu, atanyanyuka aiwashe ukutani. Kiyoyozi kikichelewa, atafungua dirisha. Ukivipeleka vifaa hivyohivyo kwenye kitalu nyumba au banda la vifaranga, mtu huyo hayupo. Kuna miche isiyoweza kusogea kivulini na vifaranga wa siku tatu wasioweza kujipatia joto, na mwenye shamba huenda amelala au yuko safarini. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza kila hatua ya kununua, kufunga na kupanga, lakini mara nyingi hufikiriwa mwishoni kabisa, baada ya hasara.

Teknolojia yenyewe inafaa, na inafaa sana. Kwa vihisi vichache, rilei kadhaa (swichi zinazowashwa na kuzimwa kwa umeme) na kompyuta ndogo, shamba dogo linaweza kupata udhibiti ambao miaka michache iliyopita ulikuwa wa mashamba makubwa ya biashara. Ila kabla ya kuuliza ununue kifaa gani, kuna maswali mawili ya kujibu. Uamuzi wa kuwasha na kuzima utafanyika wapi? Na utafanyika kwa kutazama nini?

Nianze na la pili, maana wengi hudhani jibu lake ni jotoridi tu.

Joto, mvuke na hewa

Themostati ya nyumbani hutazama namba moja. Ndani ya banda au kitalu kuna mambo matatu yanayovutana, yaani joto, mvuke na hewa yenyewe. Ukigusa moja umegusa yote.

Chukua banda la vifaranga usiku wa baridi. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzijoto 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha kiwango hushushwa kwa takribani nyuzi 3 kila wiki kadiri manyoya yanavyoota. Themostati ikiona baridi hufanya inachokijua: huwasha hita na kuzima feni. Joto litakaa vizuri kabisa. Wakati huohuo maranda yanalowa kwa kinyesi na pumzi, bakteria wanazalisha amonia kutoka kwenye kinyesi, na amonia haina pa kutokea. Kikomo kinachotumika sana ni sehemu 25 kwa milioni. Ikizidi hapo, macho na njia ya hewa ya ndege viko hatarini, na anayeingia bandani kila siku pua yake imeshaizoea harufu. Ndiyo maana wafugaji wazoefu huacha feni iwake kwa vipindi hata kukiwa na baridi, kwa mfano nusu dakika katika kila dakika tano, huku hita ikifidia joto linalopotea. Mfumo unaotazama joto peke yake hauwezi kulijua hilo. Ni lazima uambiwe.

Kwenye kitalu nyumba kinachosumbua zaidi ni mvuke, na hapa namba ya unyevu inayoonekana kwenye simu inaweza kukudanganya. Hewa yenye joto inaweza kubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Hewa ya nyuzi 20 iliyojaa mvuke hadi mwisho ina shinikizo la mvuke la kilopaskali 2.34, ya nyuzi 30 ina 4.24. Kwa hiyo unyevu wa asilimia 80 asubuhi kwenye nyuzi 20 unaacha pengo la kilopaskali 0.47 tu kabla hewa haijajaa, ilhali asilimia 80 hiyohiyo mchana kwenye nyuzi 30 inaacha pengo la 0.85, karibu mara mbili. Pengo hilo ndiyo kiu ya hewa, na ndilo linalovuta maji kutoka kwenye majani. Mimea mingi ya kitalu hustawi likiwa kati ya 0.5 na 1.2. Likiwa dogo mno, jani halitoi maji, mizizi haivuti mapya, kalsiamu haifiki kwenye ncha changa, na kuvu hupata mazingira inayoyapenda. Likiwa kubwa mno, mmea hufunga vinyweleo vya majani kujiokoa na ukuaji unasimama, hata kama udongo umelowa.

Ukitaka kuongeza jambo moja tu juu ya themostati ya kawaida, ongeza hesabu hii. Kihisi kimoja kinachopima joto na unyevu kinatosha, na programu itakutolea pengo la mvuke kila dakika. Kanuni zako zitazame pengo hilo, ziachane na asilimia.

Mvuke una tabia nyingine inayojitokeza usiku. Hewa ya jioni yenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 75 itaanza kutoa umande juu ya chochote kilichopoa hadi nyuzi 20 hivi. Plastiki ya paa hupoa mapema kuliko hewa iliyo chini yake, matone yanajikusanya, yanadondokea majani, na majani yaliyolowa kwa saa kadhaa ni mwaliko kwa kuvu ya kijivu, Botrytis cinerea. Dawa yake ni kanuni ndogo inayoendeshwa jua likikaribia kuzama: fungua matundu au washa feni kwa dakika chache, toa hewa iliyobeba mvuke wa mchana, ingiza ya nje iliyo kavu zaidi, kisha funga. Binadamu husahau kufanya hivyo kila jioni. Mashine haisahau, na kwa maoni yangu kazi za namna hii, ndogo na za kurudiarudia, ndizo zinazolipa gharama ya mfumo mzima.

Feni haizalishi ubaridi

Kanuni ambayo karibu kila mtu huanza nayo ni "joto likizidi kiwango fulani, washa feni." Feni hutoa hewa ya ndani na kuingiza ya nje, basi. Nje kukiwa na nyuzi 34, feni haitakushusha chini ya 34 hata ikizunguka siku nzima. Kwa hiyo kihisi cha nje si anasa. Bila hicho, mfumo haujui kama feni inasaidia au inakula umeme bure. Kwa wanyama kuna nafuu nyingine, kwa sababu upepo unaopita mwilini huwapunguzia joto hata hewa isipopoa, ila nayo hupungua hewa inapokaribia joto la mwili wao.

Kinachoweza kushusha joto chini ya lile la nje bila kiyoyozi ni maji yanayogeuka mvuke, iwe kwa mapazia yaliyoloweshwa au pua zinazopuliza ukungu wa matone madogo. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hufyonza takribani megajuli 2.4 za joto kutoka kwenye hewa, na hicho ni kiasi kikubwa. Lakini kuna sakafu isiyovukika, ambayo hutegemea ukavu wa hewa. Hewa ya nyuzi 35 yenye unyevu wa asilimia 30 inaweza, kwa hesabu, kushushwa hadi nyuzi 22 hivi. Hewa ya nyuzi 35 yenye unyevu wa asilimia 80 haishuki chini ya 32, upulize maji kiasi gani.

Sasa fikiria kuku. Hatoki jasho; hupoa kwa kuhema, yaani kwa kuvukiza maji kutoka kwenye njia yake ya hewa. Ukipuliza ukungu wa maji katika hewa ambayo tayari imejaa mvuke, unapunguza nyuzi mbili tatu huku ukimnyima kuku njia yake ya mwisho ya kujipoza. Kanuni ya "ikifika 32, puliza maji" inaweza kuleta vifo katika siku zilezile ulizoiandikia. Iandikwe hivi: joto likifika 32 na unyevu uko chini ya asilimia 60 au 65, puliza kwa muda mfupi, subiri, pima tena. Unyevu ukiwa juu, ongeza mwendo wa hewa na uache maji.

Kihisi kinapima mahali kilipo

Kihisi kilichopigwa na jua hupima joto la gamba lake la plastiki, si la hewa. Kilichofungwa ukutani kwa urefu wa macho ya mtu kinapima hewa ambayo kifaranga haifikii. Kifaranga anaishi sentimita chache juu ya maranda, na huko ndiko kihisi kinapopaswa kuwa, pembeni kidogo ya mwanga wa taa ya joto, kikiwa ndani ya kikingio wasichoweza kukidonoa. Kwenye kitalu kiweke ndani ya majani, kwenye kimo cha sehemu changa za mmea, chini ya kikingio cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa. Mmea ukirefuka, kihisi kipandishwe.

Kuhusu aina, DHT22 ni maarufu na inafaa kwa kujifunzia, ikiwa na makosa ya takribani nusu nyuzi kwa joto na asilimia 2 hadi 5 kwa unyevu. SHT31 ni sahihi zaidi. Kwa joto peke yake, DS18B20 yenye ganda la chuma lisilopitisha maji ni farasi wa kazi.

Usiamini namba ya kihisi chochote kabla hujakijaribu, na majaribio yake yanafanyika mezani. Kwa DS18B20, jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, tumbukiza kihisi. Kikitulia, kisome sifuri au karibu yake. Kwa unyevu, weka chumvi ya kawaida kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji hadi iwe tope zito lenye chembe ambazo bado hazijayeyuka. Ifungie pamoja na kihisi ndani ya mfuko usiopitisha hewa, chumvi isikiguse, kisha acha hadi kesho yake. Hewa iliyo juu ya chumvi hiyo hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75. Kihisi kikisema 81, umejua kinazidisha kwa 6, nawe unaweza kulipunguza kosa hilo ndani ya programu. Rudia jaribio hili mara kwa mara kwenye mabanda, kwa kuwa vumbi na amonia huharibu vihisi vya unyevu polepole, na kihisi kinachoharibika polepole hakitoi taarifa.

Na bado mwenye neno la mwisho ni kifaranga. Wakirundikana chini ya taa, wana baridi. Wakijitenga nayo, mabawa wameyaachia na midomo wazi, wamezidiwa na joto. Kamera ndogo ya nyumbani inayokuonyesha hilo usiku ina thamani kuliko kihisi cha tatu.

Pengo, muda, na mtego mmoja

Ukisema feni iwake nyuzi 28 na izime chini ya 28, itawaka na kuzima mfululizo, kwa kuwa joto linacheza hapohapo. Mota inaumia, rilei inaumia. Weka pengo: iwake 28, izime 26. Ongeza muda wa chini, kwamba ikishawaka isizimwe kabla ya dakika tatu. Panga ngazi pia. Kwanza matundu, kisha feni moja, kisha ya pili, kisha maji, kila ngazi na kiwango chake. Hapo umeshakaribia mfumo wa kitaalamu.

Mtego uko hapa. Programu huria ya kuendesha nyumba janja iitwayo Home Assistant, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Paulus Schoutsen na inayotumika sana kwa kazi hizi, ina kanuni inayosema "joto likizidi 28." Kanuni hiyo huchochewa pale joto linapovuka 28 kwenda juu, mara moja. Umeme ukikatika saa nne asubuhi na kurudi saa saba mchana, mfumo unaamka ukikuta nyuzi 33. Hakuna kilichovukwa, kwa hiyo hakuna kinachochochewa, na feni imekaa kimya kwenye joto kali ilhali kila kitu kinaonekana sawa kwenye simu. Tiba ni kuiandika kanuni iendeshwe pia mfumo unapowaka, na kila baada ya dakika chache, ikiuliza upya: sasa hivi joto ni ngapi, na feni iko katika hali gani?

Uamuzi ukae wapi

Sasa lile swali la kwanza. Uamuzi unaweza kukaa kwenye seva ya mtengenezaji, kwenye kompyuta ndogo iliyo nyumbani kwako, au ndani ya kifaa kilichofungwa bandani.

Plagi janja nyingi huja zikitegemea ya kwanza. Amri inatoka kwenye simu, inakwenda kwenye seva ya kampuni, inarudi shambani. Kwa taa ya sebuleni hakuna ubaya. Kwa hita ya vifaranga maana yake ni kwamba intaneti imekuwa sehemu ya hita. Tena seva hiyo si yako. Mwaka 2016 kampuni ya Nest ilizima huduma ya kitovu cha nyumba janja kiitwacho Revolv, na waliokuwa wamekinunua wakabaki na kifaa kisichofanya kazi.

Kompyuta ya nyumbani kama Raspberry Pi ikiendesha Home Assistant huondoa tatizo la intaneti, lakini kadi yake ya kumbukumbu inaweza kufa, na ruta inaweza kuzimika. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: uamuzi ambao mnyama au mmea hauwezi kusubiri ukae ndani ya kifaa kinachoshika rilei. Kidhibiti kidogo cha ESP32 chenye programu ya ESPHome kinaweza kubeba themostati kamili ndani yake, kikisoma kihisi kwa waya wake chenyewe na kuwasha rilei bila kumuuliza mtu. Kompyuta ya nyumbani ibaki na kazi za kukupa grafu, kubadilisha viwango kwa umri wa vifaranga na kukutumia taarifa.

Kuna kipengele cha ESPHome ambacho lazima ukibadilishe. Kwa kawaida, kifaa kikikaa dakika 15 bila kuunganishwa na Home Assistant, hujiwasha upya kikidhani kimekwama. Sebuleni hilo halina madhara. Bandani, ruta ikifa usiku, utapata kidhibiti kinachojizima na kujiwasha kila robo saa hadi asubuhi, na rilei zikirudi kila mara kwenye hali ya mwanzo. Kuna mstari wa muda wa kujiwasha upya kwenye mipangilio yake. Uweke sifuri, kwa muunganisho wa Home Assistant na kwa wa Wi-Fi pia.

Chini ya yote hayo, weka themostati ya kawaida ya kimakanika, isiyojua chochote kuhusu mtandao. Namna ya kuiunganisha inategemea unachokiogopa. Kwa feni unaogopa isipowaka, kwa hiyo themostati iwekwe sambamba na rilei, ikiwa imepangwa nyuzi chache juu ya kiwango cha kawaida. Yeyote kati yao anaweza kuiwasha. Kwa hita unaogopa isipozima, kwa hiyo iwekwe kwenye mfuatano na rilei. Yeyote kati yao anaweza kuikata.

Hofu ya rilei kutozima ina msingi. Mota ya feni inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Rilei iliyoandikwa ampea 10 ndani ya plagi janja, ikibebeshwa mzigo huo kila siku, huanza kuungua migusano yake hadi igandane. Programu inasema imezima, kumbe kifaa bado kinawaka. Mzigo mkubwa ubebwe na kontakta, yaani rilei kubwa iliyotengenezwa kwa mizigo mizito, na rilei ndogo ifanye kazi ya kuiamrisha kontakta tu. Nyaya za umeme mkuu zifungwe na fundi umeme, ndani ya masanduku yasiyopitisha maji na vumbi, zikiwa na kikata umeme kinachonusa mkondo unaovujia ardhini. Maji, vumbi la maranda na taa za joto ni mkusanyiko unaochoma mabanda.

Kuhusu mawasiliano sina mengi. Wi-Fi na Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa vidogo vya nyumba janja, kwa kawaida hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hufyonzwa na majani yenye maji na kuzuiwa na mabati. Banda likiwa karibu na nyumba, Wi-Fi inatosha. Likiwa mbali, tumia waya ikiwezekana, au LoRa, redio inayofika mbali lakini kwa kasi ndogo, kwa vihisi visivyo na haraka.

Ukimya nao ni habari

Tahadhari nyingi huandikwa kwa ajili ya namba mbaya: joto limezidi, nitumie ujumbe. Kihisi kilichokatika waya hakitoi namba mbaya, kinanyamaza, au kinarudia namba ya mwisho. Kwa hiyo andika tahadhari ya ukimya: taarifa mpya isipofika kwa dakika kumi, niamshe. Itifaki ya MQTT, ambayo vifaa huitumia kutumiana ujumbe, iliyobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta yaliyo mbali, ina utaratibu wa hili. Kifaa kinapojiunga huacha ujumbe ambao utasambazwa kwa niaba yake kikipotea ghafla. Na kwa kuwa kompyuta yako nayo inaweza kufa pamoja na umeme, kitu kimoja kilicho nje ya shamba kiwe kinasubiri ishara kutoka kwake, kikulilie ishara isipofika.

Swichi kuwaka hakumaanishi feni inazunguka. Mkanda umekatika, mota imeungua, panya amekula waya, na simu inaonyesha alama ya kijani. Plagi inayopima matumizi ya umeme hukuonyesha kama kuna mota inayofanya kazi kweli, na kanuni moja fupi inatosha: rilei ikiwa imewashwa na wati ziko karibu na sifuri kwa dakika moja, nipigie.

Kabla ya kuingiza kifaranga au mche hata mmoja, vunja mfumo kwa makusudi ukiwa umesimama hapohapo. Zima ruta, pasha kihisi joto kwa mkono, tazama kama feni inawaka yenyewe. Chomoa waya wa kihisi na uhakikishe hita inazima, haiendelei kuwaka kwa kufuata namba ya zamani. Kata umeme mkuu, urudishe baada ya nusu saa, uangalie kila rilei inaamka katika hali gani, na kama hita inasubiri somo la kwanza la kihisi kabla ya kuwaka.